Saa za Simu Hazitoshi: Namna ya Kupima Mtu Aliyenaswa na Pari au Intaneti

(Maneno haya yalitolewa mbele ya mkutano mkuu wa shirika letu. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, tumepunguza tu salamu.)



Nimeombwa nizungumze nusu saa juu ya kupima watu walionaswa na pari za kwenye simu, pamoja na wale wasioweza kuachana na intaneti. Najua ombi hili limetoka wapi. Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akasema: "Tusipoteze mikopo kwa watu wa kubeti. Ajanti alete fishi, kila mwenye kuomba mkopo aijibu, akionekana ni mtu wa pari tumkate." Mlipiga makofi, na mimi nilikuwa hapa nikiwaangalia. Upande wa pili, wafadhili wetu waliniandikia wakiuliza ni vijana wangapi kwa mia katika eneo letu wamekuwa watumwa wa intaneti, na namba hiyo wanaitaka kila miezi mitatu.

Fishi ipo, nimekuja nayo. Lakini nitawaomba tusiitumie kwa kazi ile ya mzee wetu, na wafadhili nitawaomba wasidai ile namba ya kila miezi mitatu. Mzee asinikasirikie. Anisikilize kwanza, kisha anihukumu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache nyuma, nikiwa katika kazi nyingine kabla ya hii, tulifanya enketi ndogo juu ya vijana na simu. Swali kubwa la fishi yetu lilikuwa hili: kwa siku unakaa saa ngapi kwenye intaneti? Mtu akisema saa moja au mbili, tunamwekea alama ya kijani. Saa tano na zaidi, alama nyekundu. Ilikuwa kazi nyepesi, na kwenye kompyuta ilitoa rangi nzuri za kuonyesha wakubwa.

Mmoja wa wenye alama nyekundu alikuwa kijana aliyekesha na simu karibu kila usiku. Niliandika: hali mbaya. Baadaye nilikaa naye tukala, nikamuuliza vizuri. Kumbe mama yake alipata nafasi ya kupelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, yeye akabaki huku. Mama anatoka kazini saa kumi na moja jioni za kwao, na huku kwetu ni usiku wa manane. Yaya, aliniambia, kama silale na simu, mama nitaongea naye saa ngapi? Tena mega zenyewe alinunua za usiku, juu ya ile forfe ya usiku ni ya bei ndogo, na kukicha inakwisha hata kama hujaimaliza. Kwa hiyo akishamaliza kuongea na mama, anaangalia video mpaka alfajiri ili pesa yake isipotee bure. Mimi nilifikiri nimepima ugonjwa. Nilikuwa nimepima majira ya Marekani na bei ya mega.

Enketi ile ile, nyumba ya jirani, nilimuuliza baba mmoja wa heshima. Simu yake ilikuwa ndogo, ya kubonyeza, haina intaneti. Saa kwenye intaneti: sifuri. Alama ya kijani. Lakini baba huyo alikuwa anapitia kila siku kwenye kibanda cha pari, anaandikiwa karatasi yake ya timu, anatuma pesa kwa simu ile ile ndogo. Miezi michache baadaye mke wake, anayeuza ndagala, alifungua mfuko aliotunzia mtaji akakuta hakuna kitu. Sitasema zaidi, juu ya watu hawa wana watoto wanaosoma. Ila ripoti yangu ipo mpaka leo, na ndani yake kijana anayempenda mama yake ni mgonjwa, na yule baba ni mzima.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma kwa bidii juu ya namna wataalamu wanavyopima jambo hili. Nitawapa kidogo tu ya niliyoyapata.

Kiswahili cha vitabu kinaita jambo hili uraibu. Hapa kwetu tunasema mtu amenaswa, na mimi napenda neno letu, juu ya samaki aliyenaswa bado anaogelea, mtu wa pembeni anamwona anatembea tu. OMS, yaani shirika la afya la dunia, lina kitabu cha magonjwa chenye jina ICD-11 kilichoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake kuna ugonjwa wa kucheza kamari na ugonjwa wa michezo ya video. Alama wanazoangalia ni tatu. Mtu ameshindwa kujizuia: anasema leo basi, kesho yuko pale. Mchezo umepita mambo mengine yote: kazi, watoto, kula, kulala. Na anaendelea ijapokuwa anaona wazi unamharibia. Kwa kawaida waganga wanataka hali hiyo iwe imedumu kama miezi kumi na miwili, isipokuwa ikiwa kali sana. Sikilizeni tena: wapi wamesema saa ngapi? Wapi wamesema franka ngapi? Mwenye duka akipoteza franka elfu tano kwa wiki bado anakula. Mtu wa kubeba mizigo bandarini akipoteza elfu moja, watoto wamelala njaa.

Na intaneti yenyewe? Hapo nitawashangaza. "Ugonjwa wa intaneti" kwa ujumla haumo katika kitabu hicho. Mwaka 1995 mganga mmoja wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika alama za ugonjwa huo kama utani, akicheka namna wenzake wanavyopenda kutengeneza majina ya magonjwa. Watu wakamwandikia kuomba msaada kweli kweli. Baadaye kidogo Kimberly Young, mtaalamu wa Marekani, aliuchukulia jambo zito na akatengeneza fishi ya maswali 20 ambayo inatumika mpaka leo katika nchi nyingi. Lakini wataalamu hawajamaliza kubishana. Mtu asiyeachana na simu amenaswa na simu, au na kitu kilicho ndani ya simu: pari, michezo, picha chafu, au upweke tu? Mlevi hatusemi amenaswa na chupa. Kwa hiyo nikipata barua inayouliza asilimia ya watumwa wa intaneti, najibu kwa heshima: tuambizane kwanza ni intaneti ya kufanya nini.

Kwa pari tuko na njia nzuri zaidi. Fishi ninayoiamini inaitwa PGSI. Ilitengenezwa Canada, Jackie Ferris na Harold Wynne ndio walioitoa mwaka 2001. Ina maswali tisa, yote juu ya miezi kumi na miwili iliyopita. Kwa lugha yangu mimi yanauliza hivi: je, uliweka pesa ambayo huwezi kuvumilia kuipoteza? Ulihitaji kuongeza kiasi ili usikie utamu ule ule? Ulirudi siku nyingine kufuata pesa iliyopotea? Ulikopa au uliuza kitu ili upate ya kuchezea? Ulijisikia labda una shida? Mchezo umekuletea shida ya afya, hata mawazo mengi? Watu wamekulaumu? Umeleta shida ya pesa kwako au nyumbani? Umeumia moyoni juu ya namna unavyocheza? Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, sifuri, mara nyingine, moja, mara nyingi, mbili, karibu kila mara, tatu. Unajumlisha. Sifuri hakuna shida. Moja au mbili ni hatari ndogo. Tatu mpaka saba hatari ya katikati. Nane mpaka ishirini na saba, mtu yuko katika shida.

Yule baba wa ndagala ningemuuliza maswali haya kwa faragha, na akajibu ukweli, nadhani angevuka nane. Kijana wa mama wa Marekani angepata sifuri, juu ya hachezi pari hata moja.

Kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine inayoitwa SOGS, ya mwaka 1987, kutoka hospitali ya South Oaks huko New York. Nimeiweka pembeni. Maswali yake mengi yanauliza mtu alipata wapi pesa ya kuchezea: kadi ya benki, mkopo wa benki, hisa alizouza. Nani hapa Baraka ana hisa? Sisi tunakopa dukani kwa kuandikiwa kwenye daftari, tunakopa AVEC, tunakopa kwa shemeji. Mtu wetu angeweza kupoteza nyumba na fishi ile isimwone.

Sasa nije kwenye Kiswahili chetu, maana hapo ndipo nilipotoka jasho.

Nilijaribu maswali haya kwa marafiki, watu wa kawaida tu, bila kuandika majina. Swali la kwanza kabisa: unacheza? Mmoja akajibu, ndiyo, nacheza namba sita. Mwingine: hapana, mguu uliumia. Kwetu kucheza ni mpira, ni ngoma, ni karata, ni pari, yote neno moja. Basi nikasema: unacheza kamari? Wote hapana! Hata wale niliowaona kwa macho yangu kwenye kibanda. Kijana mmoja alikasirika: "Mimi sichezaka kamari. Kamari ni ya wale wa karata na dadu kule sokoni, wale wezi. Mimi nabeti." Wale waliokulia Tanzania ukiwauliza kama wanapiga mkeka watacheka, watakwambia mkeka wa jana umechanika kwa timu moja tu. Mama mzee akisikia mkeka anafikiri cha kulalia. Kwa hiyo fishi moja yenye neno kamari itatoa sifuri kijiji kizima, na fishi nyingine yenye neno pari, kijiji kile kile, itatoa watu wengi. Mfadhili akipata namba bila kuambiwa ni neno gani lilitumika, amepata kitu gani?

Swali la tatu ndilo baya zaidi. Linataka kujua kama mtu anafukuza pesa iliyopotea, na huko ndiko wengi wanakozamia. Niliandika: ulirudi kucheza ili urudishe pesa? Mzee mmoja akajibu kwa kiburi: "Ndiyo, mimi narudishaka. Sibaki na deni la mtu." Alifikiri namuuliza kama analipa madeni! Nikampa pointi za ugonjwa kwa uaminifu wake.

Na lile la kulaumiwa. Mtu anayejificha vizuri, nani atamlaumu? Hakuna anayejua. Lakini kijana anayeshika simu, hata akisoma somo la shule, mama mkwe analalamika kuanzia asubuhi. Wamama msicheke, mnajijua.

Nirudi kwa pendekezo la mzee wetu, la kuweka fishi mlangoni pa mkopo. Mzee, wewe na mimi tulivuka ziwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba mwaka 1996. Tunajua kuhesabiwa. Kambini siku ya hesabu, nani hapa hakuona familia ya watu watano ikawa ya saba, mtoto wa jirani akakopeshwa kwa asubuhi moja? Hatukuwa waongo kuliko watu wengine. Tulijua tu kwamba jibu ndilo litakaloleta unga. Mtu anajibu kwa kufuata unga. Ukiweka maswali tisa mlangoni pa mkopo, kila mtu atajibu hapana tisa, na wa kwanza kujibu vizuri kabisa ni yule aliyezoea kuficha nyumbani kwake. Atakayekatwa ni yule aliyesema ukweli.

Hata tukisema hakuna anayedanganya, hesabu yenyewe inatutega. Chukueni mfano tu, namba hizi nimezitunga ili tuone. Watu 200 wanaomba mkopo, na 10 kati yao wamenaswa kweli. Fishi yetu ni nzuri: inakamata 9 katika hao 10. Katika wale 190 wazima inakosea kwa mmoja katika kila kumi, ndiyo 19. Kwa hiyo tumekata watu 28. Tisa walistahili msaada, 19 hawakuwa na kosa lolote, na sasa kijiji chote kinawaita watu wa pari. PGSI ilitengenezwa ili kujua hali ya watu wengi kwa pamoja. Haikutengenezwa iwe hakimu wa mtu mmoja. Mtu mmoja akivuka nane, hiyo ni sababu ya kukaa naye na kuzungumza. Hukumu haijafika.

Kwa wafadhili neno langu ni fupi. Fishi hii inauliza miezi kumi na miwili. Tukiuliza Januari, tukarudia Aprili, yule aliyeuza baiskeli yake Septemba bado atasema ndiyo, hata kama ameacha kabisa tangu mlipotusaidia. Namba haitashuka, nanyi mtasema mradi umeshindwa. Au mimi, nikiogopa kupoteza kazi, nitajifunza kuuliza kwa sauti inayoleta hapana. Nawaomba namba moja kwa mwaka, ije na vitu vitatu pembeni: tuliwauliza watu wangapi, kwa maneno gani, na nani aliyeuliza.

Sasa nini kifanyike? Nitasema ninayoyaona, kamati itaamua.

Fishi iulizwe nje ya siku za sanduku, na mtu asiyeshika pesa ya sanduku, bila jina. Wasioona vizuri au wasiosoma wasomewe wakiwa peke yao, siyo mbele ya mke au mume. Kwa wamama wanaotembelea nyumba nimebakiza maswali mawili tu, yanayotokana na fishi fupi iliyotolewa Marekani mwaka 1997: je, umewahi kusikia lazima uongeze pesa zaidi na zaidi kwenye pari? Umewahi kudanganya watu wako wa karibu juu ya kiasi unachocheza? Ndiyo moja inatosha kuanza mazungumzo. Lile la kudanganya mtu analijibu akiwa ameangalia chini, na hapo kaa kimya kidogo, usikimbilie kuandika.

Kuhusu mikopo, tunaweza kulinda sanduku bila kumpima mtu. Mkopo wa mbegu ulipwe kwa mwenye mbegu, mkopo wa bati kwa mwenye bati, pesa isipite mkononi. Mke na mume wote waweke kidole. Na tuwe na ukurasa katika daftari ambapo mwanachama mwenyewe anaomba: akiba yangu msinipe kabla ya mwezi fulani, hata nikija nalia. Asiulizwe sababu. Yule baba wa ndagala ndiye aliyenipa wazo hili. Nilirudi kwake nikamwomba msamaha kwa ile alama ya kijani. Hakuelewa vizuri ninaomba msamaha wa nini. Akaniambia: "Mwanangu, mimi fishi yako singeijibu ukweli hata ingekuwa na maswali mia. Ila kama kungekuwa na mtu wa kunifungia franga zangu, ningempa."

Fishi zilizotafsiriwa upya ziko kwa sekretari, nakala kumi. Swali la tatu bado ni tupu, nimeacha nafasi. Nimejaribu kufukuza, kukomboa, kufuatilia, kila moja inamchanganya mtu fulani. Nahitaji wamama wawili, mzee mmoja na vijana wawili wanaobeti kweli, tukae chini ya mwembe wa shule alhamisi saa tisa tulitafute neno hilo. Mzee wetu wa pendekezo, naomba uwe wewe.